Faini ya kupaki mbali na ukingo wa barabara: jinsi ya kuikwepa na jinsi ya kuipinga ukishabandikwa

Faini ya kupaki pasiporuhusiwa kila mtu anaijua, ya kuzidisha muda anaijua, ya kuziba geti la watu anaijua, ila hii ya kupaki mbali na ukingo wa barabara inawakuta watu hawana habari kabisa. Unarudi kwenye gari unakuta karatasi kwenye waipa, unaanza kujiuliza, mbona nimelipia, mbona hakuna kibao cha kukataza, mbona muda haujaisha, unasoma mara mbili mara tatu ndo unagundua kosa lako ni kwamba gari iko mbali na ukingo. Halafu wengi kinachofuata wanaingia kwenye gari kwa hasira, wanaondoka, wanafika nyumbani ndo wanaanza kuuliza watu kama hiyo faini ni halali. Hapo tayari wameshapoteza ushahidi wote waliokuwa nao, na hilo linaniuma kuliko faini yenyewe.

Kwa hiyo kama utasoma mstari mmoja tu wa hapa basi soma huu: hili ni kosa la sentimita, na kitu cha sentimita kinapimwa. Ukikuta notisi ya namna hii usisogeze gari hata kidogo kabla hujapima na kupiga picha. Mengine yote nitakayoeleza yanakaa juu ya hilo.

Kwanza ujue wanapima nini

Sheria hazifanani, na tofauti yake sio ya namba tu, hata kile kinachopimwa ni tofauti. Watu wanabishana mtandaoni mmoja anasema ni sentimita 30 mwingine anasema 50 na wote wako sahihi, kila mmoja kwa sehemu yake.

England na Wales kinachotumika ni sheria ya usimamizi wa trafiki ya mwaka 2004, kifungu cha 85. Kinasema gari isipakiwe barabarani kwa namna ambayo hakuna sehemu yake yoyote iliyo ndani ya sentimita 50 kutoka mwisho wa njia ya magari. Kwenye notisi utaona namba ya kosa 26. Sasa hayo maneno yasome taratibu. Hawasemi tairi zote ziwe ndani ya sentimita 50, wanasema kosa linakuwepo pale ambapo HAKUNA sehemu yoyote ya gari iliyoingia ndani ya hizo 50. Maana yake gari iliyokaa mshazari, mkia uko sentimita 70 lakini kona ya bampa ya mbele iko sentimita 35, kwa kifungu hiki haijavunja kitu. Imepakiwa vibaya ndio, nisingependa mtu apaki hivyo, lakini kosa hilo la 26 halipo. Watu wengi wanalipa bila kujua hii.

Marekani ni kinyume, kule wanaangalia tairi. Sheria ya jimbo la New York inataka tairi za upande wa ukingo ziwe ndani ya inchi 12, yaani sentimita 30 na kidogo, na Illinois nao ni inchi 12. California na Texas ni inchi 18, kama sentimita 46. Na wanasema tairi kwa wingi, ya mbele na ya nyuma, kwa hiyo ile gari ya mshazari iliyopona England, California inaandikiwa kwa sababu ya tairi moja tu iliyobaki nje. Pikipiki California ina kanuni yake, angalau tairi moja au madigadi iguse ukingo kabisa.

Australia wao hawataji sentimita kwa kupaki sambamba na barabara. Kanuni zao zinataka uwe karibu na upande wa kushoto kadiri inavyowezekana, na kwenye barabara isiyo na mstari wa katikati usiokatika uache angalau mita 3 za barabara pembeni ya gari yako ili wengine wapite. Kama mstari upo, hizo mita 3 zinahesabiwa kutoka gari yako mpaka kwenye mstari. Pia uache mita 1 mbele na mita 1 nyuma kati yako na magari mengine, isipokuwa kama nafasi zimechorwa. Mi naona hii ndo inasema wazi kuliko zote kwamba shida ni njia inayobaki.

Sasa kazi yako ya kwanza popote ulipo ni kutafuta maneno yenyewe ya kanuni ya hapo unapopaki, sio ya mji wa rafiki yako. Angalia mambo mawili tu, umbali ni kiasi gani, na unapimwa kutoka wapi, tairi au sehemu yoyote ya gari. Manispaa nyingi zinaweka kanuni zao za maegesho kwenye tovuti, na notisi yenyewe huwa imeandikwa kifungu au namba ya kosa, hiyo ndo unaitafuta.

Kwa nini sentimita chache zinaleta faini

Mtu anaona kaonewa kwa sababu akiangalia gari yake peke yake haoni ubaya. Ila fanya hesabu. Chukua mtaa wa upana wa mita 7 wenye magari pande zote mbili. Gari ya kawaida ina upana wa kama mita 1.8, ikikaa sentimita 20 toka ukingoni imekula mita 2. Pande mbili ni mita 4, katikati zinabaki mita 3. Basi linapita hapo, maana kwa Ulaya upana wa juu unaoruhusiwa kwa basi ni mita 2.55 bila vioo. Sasa zisogeze gari zote mbili zikae sentimita 60 toka ukingoni, kila moja imekula mita 2.4, jumla 4.8, katikati imebaki mita 2.2. Basi limekwama. Gari la zimamoto nalo lina upana wa kama mita 2.5, nalo limekwama, na ndani ya nyumba ya mbele kuna moto. Kila dereva kazidisha sentimita 40 tu, akiwa na uhakika kabisa hajamzuia mtu.

Na waendesha baiskeli ndo wanaumia kila siku, kila gari iliyotoka nje ya mstari inawasukuma kuingia kati kwenye magari, halafu mtu anafungua mlango. Kwa hiyo mi siko hapa kusema faini hii haina maana. Ina maana sana. Ninachotaka ni kwamba aandikiwe anayestahili, na asiyestahili ajue namna ya kujitetea.

Kupima bila tepu

Tepu ndogo ya kupimia weka kwenye dashibodi na usiitoe, haichukui nafasi. Lakini siku unayoihitaji ndo siku haipo, kwa hiyo jua vipimo vingine. Karatasi ya A4 urefu wake ni sentimita 29.7 na upana 21. Ilaze chini kati ya tairi na ukingo, kama haienei kwa urefu basi uko chini ya sentimita 30, umepona karibu kila mahali. Ukiweka karatasi mbili, moja kwa urefu na nyingine kwa upana, unapata 50.7, kwa hiyo zisipoenea uko ndani ya 50 au umezidi kwa milimita chache, hapo tafuta tepu kabla hujabisha. Kwa wanaotumia karatasi za Marekani za barua, urefu wake ni inchi 11, pungufu ya ile 12 kwa inchi moja.

Mkono nao ni kipimo. Dhiraa, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati, kwa mtu mzima inakaribia inchi 18, na shubiri ni kama nusu yake. Pima yako mara moja nyumbani ujue ni sentimita ngapi kwa sababu miili haifanani, pima na urefu wa kiatu unachovaa mara nyingi. Kwa kukagua haraka kabla hujaondoka kwenye gari hivi vinatosha kabisa. Kwa ushahidi hapana, ushahidi utumie tepu au rula au karatasi ambayo kipimo chake kinajulikana, mtu wa rufaa hawezi kujua dhiraa yako ina urefu gani.

Unapimia wapi? Chini, usawa wa ardhi, kutoka ubavu wa nje wa tairi pale inapogusa lami mpaka kwenye uso wa jiwe la ukingo, ule unaotazama barabarani. Sio juu ya ukingo, sio mpaka mwisho wa mtaro. Mtaro wa maji uliojengwa bapa mbele ya jiwe ni sehemu ya umbali, watu wengi wanakwepa kuukanyaga wanapaki nje yake, na kama una upana wa sentimita 40 basi tayari umeshaliwa. Na pima tairi zote mbili, karibu kila mara ya nyuma na ya mbele hazilingani.

Kupaki karibu bila kuchubua rimu

Tuseme ukweli, sababu kubwa ya watu kukaa mbali ni kuogopa rimu. Na wana haki ya kuogopa, hasa tairi zile zenye ubavu mfupi, rimu imejitokeza nje na ukingo ukiwa mrefu unaikwangua vizuri sana. Pia kugonga ukingo kwa ubavu wa tairi kunaweza kukata nyuzi za ndani na usione kitu kwa nje. Kwa hiyo usilenge kugusa. Lenga kati ya sentimita 15 na 25, hapo uko salama kwa sheria zote nilizotaja zenye namba na rimu yako haijaguswa.

Kinachosaidia kuliko mbinu zote ni kuijua gari yako kwa macho. Nenda mahali patupu penye ukingo mzuri, paki taratibu, shuka, pima mpaka tairi zote mbili ziwe sentimita 20. Halafu rudi ukae kwenye kiti kama unavyokaa siku zote, usibadili kiti wala vioo, na uangalie. Kwenye kioo cha upande wa ukingo mstari wa ukingo unaonekana wapi ukilinganisha na ubavu wa gari? Mbele, mstari wa ukingo unakutana na boneti sehemu gani? Pakariri hapo. Ukishapajua huhitaji kubahatisha tena, unaangalia mstari ukifika pale unajua ni sentimita 20. Ukibadilisha gari au mtu mwingine akikaa na kusogeza kiti, inabidi urudie, maana picha yote inahama.

Kioo cha upande wa ukingo ukiinamishe chini kidogo unapoingia mpaka uione tairi ya nyuma na ukingo. Gari nyingine zinakiinamisha zenyewe ukiweka rivasi, nyingi zinaruhusu kuiwasha hiyo kwenye mipangilio na watu hawajui kama wanayo. Kamera ya nyuma inakusaidia usigonge gari ya nyuma, lakini kwa umbali wa ubavuni usiitegemee, kioo ni bora zaidi.

Kuingia kwa rivasi kati ya magari mawili: simama sambamba na gari ya mbele ukiacha mita moja au pungufu kidogo kati yenu, bampa za nyuma zilingane. Anza kurudi polepole sana, kata usukani kuelekea ukingoni mpaka gari ikae mshazari wa kama nyuzi 45. Nyoosha usukani, endelea kurudi, huku unaangalia kioo cha upande wa ukingo. Tairi ya nyuma ikikaribia ukingo na kona ya boneti yako imeshapita bampa ya nyuma ya gari ya mbele, kata usukani wote upande wa pili, pua itaingia yenyewe. Gari inaishia mbali kwa sababu moja kati ya mbili, mshazari ulikuwa mdogo mno au ulikata usukani upande wa pili mapema kabla mkia haujafika ndani. Ukigonga ukingo ni kinyume chake, mshazari mkubwa au umechelewa kukata. Ukijua ipi ni yako utarekebisha, usipojua utakuwa unarudia kosa lile lile kila siku.

Ukishakaa ndani na ukaona bado uko mbali, ile ya kwenda mbele na nyuma usukani umenyooka haisaidii kitu, gari inarudi pale pale. Kama kuna nafasi nyuma, rudi ukikata usukani kidogo kuelekea ukingoni, halafu bado unarudi kata upande wa pili kwa umbali ule ule, gari inahama kwa ubavu. Kisha nenda mbele usukani umenyooka. Kila ukirudia unasogea kidogo. Kama umbali ni mkubwa au nafasi ni finyu, toka nje kabisa uanze upya, ni haraka kuliko kuhangaika.

Na jambo moja ambalo linawaponza wengi sana, usijipange na gari ya mbele. Mtu wa kwanza kapaki mbali, wa pili kamfuata akaona ndo mstari, wa tatu hivyo hivyo, afisa akipita anaandika mstari mzima. Wewe jipange na ukingo, hata kama gari yako itaonekana iko ndani peke yake.

Sehemu zinazochanganya

Nafasi zilizochorwa. Kama umepaki ndani ya nafasi iliyotengwa rasmi na kuchorwa mistari, kwa England na Wales kosa la sentimita 50 halikuhusu, kifungu chenyewe kimelitoa. Lakini ukivuka mistari ya nafasi kuna kosa lingine, namba 24, la kutokukaa vizuri ndani ya alama. Kwa hiyo mahali penye mistari fuata mistari.

Njia za baiskeli. Kwenye miji mingi siku hizi njia ya baiskeli iko kati ya ukingo na magari yaliyopaki, yaani nafasi za kupaki zimechorwa mbali na ukingo makusudi, mita moja au mbili. Mgeni anaona gari ziko mbali anadhani wote wamekosea, anaenda kubana ukingoni na amepaki katikati ya njia ya baiskeli. Angalia alama za chini kwanza. Hapo usawa unaopimwa ni wa nafasi iliyochorwa.

Mlimani. San Francisco kwa mfano wanataka mtu akipaki kwenye mwinuko unaozidi asilimia 3 ageuze tairi za mbele, ili breki ikishindwa gari iegemee ukingo. Ukigeuza, tairi ya mbele inatoka kwenye usawa wake, sasa wakati wa kupima na kupiga picha hakikisha ya nyuma imeonekana vizuri maana ndo inaonyesha gari ilikaaje.

Theluji na takataka. Theluji iliyorundikwa ukingoni au rundo la majani au vifusi vya ujenzi vinakusukuma nje. Usitegemee afisa atakuhurumia. Kama hauna jinsi na umepaki hapo, piga picha ya hilo rundo muda huo huo, kesho litakuwa limeyeyuka au limezolewa na hakuna atakayeamini.

Kushusha mizigo. Kifungu kile cha England na Wales kinamwacha anayeshusha au kupakia mzigo kwenye jengo, ikiwa kazi hiyo haikuwezekana bila kupaki vile, na asizidi muda unaohitajika wala dakika 20. California nao wanaacha magari ya biashara pale ambapo ilibidi kwa ajili ya kushusha au kupakia. Ukiwa kwenye kazi hii tunza hati ya mzigo yenye saa, bila karatasi ni maneno tu.

Umeshakuta karatasi kwenye waipa

Usisogeze gari. Narudia kwa sababu ndo kitu cha kwanza mtu anataka kufanya, anaogopa ataandikiwa tena. Kama haujaziba njia, dakika tano hazitaongeza kitu, na ukishasogeza haiwezekani tena kuonyesha gari ilikuwa wapi.

Soma notisi ilipo. Namba ya gari, tarehe, saa, jina la mtaa, namba ya kosa, kuna kipimo chochote kimeandikwa? Afisa mzuri anaandika umbali alioupima na anapiga picha na tepu. Akiandika tu "mbali na ukingo" bila namba, hiyo ni nafasi yako ya kuuliza amejuaje.

Halafu picha. Picha za sentimita zinadanganya sana kulingana na ulipo simama. Ukipiga kutoka mbali na chini upande wa mbele ya gari, pengo linaweza kuonekana kubwa au dogo kuliko lilivyo, na picha nyingi za maafisa zinapigwa hivyo hivyo kwa haraka. Yako ipige kutoka juu ya pengo, simu ikitazama chini wima kabisa, tepu imelala ardhini, sifuri yake imegusa jiwe la ukingo na namba zinasomeka. Moja tairi ya mbele, moja tairi ya nyuma, na kama sheria ya hapo inaangalia sehemu yoyote ya gari piga na kona ya gari iliyo karibu zaidi na ukingo. Baada ya hapo rudi nyuma upige picha pana inayoonyesha namba ya gari, tairi, ukingo na kitu kinachotambulisha mahali, kibao cha mtaa au jengo, ili mtu asiseme hizo tairi ni za gari nyingine. Mwisho chukua video moja isiyokatwa, anzia kwenye notisi, pita namba ya gari, shuka mpaka kwenye tepu. Video isiyokatwa ina nguvu sana kwa sababu inaunganisha kila kitu.

Picha za asili ziache kwenye simu kama zilivyo, usizikate wala kuzirembesha. Ukituma picha kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida ile taarifa ya saa na mahali iliyojificha ndani ya picha inafutwa, kwa hiyo usifute ya asili ukabaki na ile iliyotumwa. Kuna mtu amesimama karibu kaona? Muombe mawasiliano yake kwa adabu, akikataa achana naye.

Na kama umepima ukakuta kweli umezidi, sentimita 80 hizi hapa, basi jua hilo mapema na usijidanganye. Sehemu nyingi zinapunguza faini ukilipa haraka. England nje ya London kosa hili maeneo mengi ni pauni 70, inashuka mpaka nusu, 35, ukilipa ndani ya siku 14. Lipa kwa kuandika mwenyewe anwani ya tovuti rasmi, usifuate kiungo cha meseji wala kuskani msimbo uliobandikwa bila kuuhakiki, kuna matapeli wanaweka notisi feki.

Kuandika pingamizi

Muda ndo unaua pingamizi nyingi, sio hoja. California una siku 21 tangu notisi itolewe kuomba ipitiwe upya bure, wakikataa una siku nyingine 21 tangu watume jibu kuomba usikilizwe. Jiji la New York unatakiwa ujibu ndani ya siku 30 kabla adhabu hazijaanza kuongezeka. England na Wales ukiandika ndani ya zile siku 14 na wakakukatalia, manispaa nyingi zinakurudishia nafasi ya kulipa nusu, kwa hiyo kuandika mapema hakukupotezei kitu. Usipolipa inakuja notisi kwa mwenye gari na hapo una siku 28 za kupinga rasmi, wakikataa unaenda kwenye baraza huru, London wana lao na nje ya London kuna Traffic Penalty Tribunal, na hulipi ada ya kufungua rufaa. Ila ukifika huko punguzo limeshaondoka, ukishindwa unalipa yote, kwa hiyo fika huko ukiwa na vipimo.

Barua iwe fupi. Usiandike jinsi ulivyodharauliwa, usiandike maisha magumu, anayesoma anatafuta kitu kimoja, je kosa lilitokea au halikutokea. Mfano kwa sehemu ya sentimita 50:

"Napinga notisi namba …, gari namba …, ya tarehe … mtaa wa …. Notisi inasema gari ilikuwa zaidi ya sentimita 50 kutoka ukingoni. Haikuwa hivyo. Picha ya kwanza inaonyesha tairi ya nyuma sentimita 31, picha ya pili tairi ya mbele sentimita 27. Zimepigwa kabla gari haijasogezwa, na video niliyoambatanisha inaonyesha notisi, namba ya gari na kipimo bila kukatwa. Naomba nipewe kipimo alichochukua afisa, kifaa alichotumia, picha zake zote na maelezo aliyoandika siku hiyo. Kama hakuna kipimo naomba notisi ifutwe."

Basi, inatosha. Hapo badilisha namba ziwe zako na za kweli, usiongeze chumvi hata sentimita moja, ukikamatwa umedanganya kwenye kipimo kimoja hata picha zako nzuri hazitaaminiwa. Kama hoja yako ni nyingine, ulikuwa ndani ya nafasi iliyochorwa, ulikuwa unashusha mzigo, gari iliharibika hapo hapo, itaje moja kwa moja kwenye sentensi ya pili na uambatanishe karatasi yake, picha ya mistari, hati ya mzigo, risiti ya fundi. Ile ya gari kuharibika bila risiti ya fundi au ya gari la kuvuta haiendi mbali.

Picha za afisa zikija zikague kama ulivyokagua zako. Tepu ipo? Inagusa ukingo kweli au inaanzia kwenye mtaro? Amepima tairi ipi? Picha imepigwa kutoka juu au kutoka mbali? Kama sheria ya hapo inasema kosa lipo pale tu ambapo HAKUNA sehemu ya gari iliyo ndani ya 50 na yeye amepiga picha mkia peke yake, mwambie picha yake haionyeshi pua ya gari ilikuwa wapi, na ya kwako inaonyesha.

Gari ya kukodi au ya kuazima ina haraka zaidi, maana barua nyingi zinaenda kwa mwenye gari na sio kwa aliyekuwa anaendesha. Kampuni nyingi za kukodisha zinalipa faini moja kwa moja au zinatoa jina lako, halafu zinakukata na ada yao ya usumbufu, na ikishalipwa mara nyingi huwezi kupinga tena. Kwa hiyo siku hiyo hiyo waandikie kwamba una notisi, unaipinga, wasilipe, na uwatumie nakala yake. Ukiwa umeazima ya kaka au ya jirani mpigie umwambie kabla barua haijamfikia, mpe picha zote za asili na video, na mkubaliane nani anaandika, kwa sababu pingamizi rasmi mara nyingi inabidi litoke kwa jina la mwenye gari.